Mshale Mwekundu wa Geji

Haya yalimkuta shangazi yangu Blandina, na mimi nilikuwepo. Anayetaka kucheka, acheke akishamaliza kusikiliza.

Mumewe, Tarsis, alikuwa fundi wa saa pale Mchafukoge. Mwaka ule jirani yetu Mzee Harilal alihamia kwa wanawe ng'ambo, akamwachia gari lake la zamani, jeusi, lililokaa bandani mpaka kuku wakataga ndani. Injini haikuwa na neno. Kilichokufa ni dashibodi: saa imesimama, geji zote zimelala. Asubuhi ya Jumamosi Tarsis akazifungua mezani, shangazi akimshikia vipande kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba. Walikuwa wanacheka. Chai haikuwa na sukari, maana sukari haikupatikana, na hakuna aliyejali.

Mshale wa geji ya petroli ulikuwa umebanduka rangi. Shangazi alipouinua ukamchoma kidole, damu ikatambaa mpaka kwenye ncha.

"Futa," shangazi alisema. "Damu ya mtu haiachwi kwenye kitu."

"Rangi nyekundu utaipata wapi mji huu?" Tarsis akajibu. "Maduka yote hayana. Hebu ona ilivyokaa."

Kwetu hata mtoto anajua: nywele, kucha na damu huziachi ovyo. Tarsis naye alijua, alizaliwa Marangu kama sisi. Lakini alishajifanya mtu wa mjini. Akaiacha damu ikauke, akafunga kioo. Saa ya gari ikaanza kutembea hapo hapo, tik, tik.

Siku hizo petroli ilitafutwa kwa tochi. Magari ya watu yalilala kwenye foleni, la Tarsis halikulala. Alitia lita chache, akaenda Ilala, akaenda Buguruni, akarudi, mshale uko palepale. Baadaye aliacha kabisa kutia. Mshale ulipanda wenyewe, gari likiwa limeegeshwa. Watu wakaanza kumwita Bosi. Naye alivyolipenda jina hilo, jamani!

Shangazi akaanza kukonda. Gari likitoka, anashikwa na baridi jua likiwaka. Likirudi, anapata nafuu, anaomba uji. Hospitali walisema damu imepungua, wakampa vidonge. Mimi ndiye niliyemuuguza. Siku moja alinivuta, nikainamisha sikio.

"Naisikia saa ya gari," alinong'ona. "Popote lilipo."

Nilimfuata Tarsis uani, nikamwambia autoe ule mshale. Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameshajua.

"Nitautoa," alisema taratibu. "Nikirudi kutoka Morogoro. Kuna sabuni naifuata."

Nikampigia magoti. Nikang'ang'ania mlango wa gari. Akanibandua kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama anayefungua saa. Akaondoka.

Nikakaa kitandani na shangazi. Alikuwa amefumba macho.

"Ubungo," alinong'ona.

Miguu yake ikapoa.

"Kibaha."

Midomo ikapauka.

"Chalinze. Mwanangu, anakwenda kasi."

Kisha akatulia. Gari lilikuwa limezimwa huko lilikofika. Alikunywa uji, akanishika mkono, hata akatabasamu. Nikamwomba Mungu gari liharibike hukohuko. Niliomba kwa sauti.

Jua likapinda. Shangazi akafumbua macho.

"Amewasha."

Hakusema tena mpaka Chalinze. Nikamfunika kila khanga iliyokuwemo ndani. Akataja Mlandizi. Nikangoja.

Kibaha hakuitaja.

Tarsis alifika kwa lori la watu, katoni za sabuni begani. Alisema gari lilizimika baada ya Mlandizi, mshale umelala chini kabisa. Hakuuliza mkewe anaendeleaje. Alitoa mche mmoja, akaniwekea mkononi.

"Wa kumwoshea," alisema.

Nilimwosha nao, kwa sababu mtaa mzima haukuwa na sabuni nyingine. Mpaka leo namchukia kwa mche ule. Mwili haukuwa na jeraha, isipokuwa kidole kile. Pale palipochomwa palikuwa pabichi, kana kwamba pamechomwa asubuhi ileile.

Geji aliichomoa, kama alivyoahidi. Gari likaishia kuwa chuma chakavu. Tarsis naye alishakufa, wala simlilii. Geji ninayo mimi, imefungiwa kabatini, haina waya, haina gari. Nikiishika, mshale huinuka kidogo, nami ni damu ya Blandina. Nimeshazoea.

Juzi mjukuu wangu Candida aliikuta, akaichezea. Mshale ukapanda mpaka mwisho, ukajaa. Nikamnyang'anya, nikamchapa, nikalia.

Leo asubuhi hakutaka chai. Alikuja kujikunja mapajani mwangu, mikono ya baridi.

"Bibi," alininong'oneza, "kuna saa naisikia. Iko mbali, lakini inakuja."