Gari Lisilokunywa Maji

Bilauri ya maji ilikaa kando ya kitanda siku nne bila kuguswa. Sista aliiona kwa sababu kazi yake ilikuwa kuona vitu vya namna hiyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa muuguzi, akipita wodini kitanda hadi kitanda, akitazama nani amekunywa na nani hajanywa. Vumbi lilikuwa limeshaweka utando juu ya maji.

"Baba watoto, siku hizi maji hunywi?"

"Nakunywa," mumewe alijibu akifunga vifungo vya shati. "Nakunywa huko nje."

"Nje wapi?"

"Bandani. Kwenye gari."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akatoka. Baada ya muda mfupi Sista akasikia injini ikiwaka nyuma ya nyumba, ule mlio wake mkavu wa kukwaruza, kama mtu anayecheka bila kufungua mdomo. Jioni alikwenda bandani kutafuta chupa au kikombe. Hakukuta hata kimoja.

Mumewe alikuwa mpima ardhi aliyestaafu mwaka uliotangulia, na mtaa mzima ulimwita Mpima. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, mtu ambaye ukimtuma chumvi anarudi na habari za watu wote wa sokoni, chumvi kaisahau. Gari lile la michezo alilitamani tangu akiwa na miaka kumi, siku lilipompita moja barabarani akabaki amesimama mpaka vumbi likatua. Siku aliyokwenda kumposa Sista alimweleza habari za gari hilo kwa saa nzima kabla ya kukumbuka kilichompeleka. Sista alicheka mpaka akakubali.

Sasa lilikuwa lake. Alilinunua wiki tatu zilizopita kwa mjane mmoja wa mji wa jirani, ambaye hakubishana naye hata kidogo. Lilikuwa dogo, la milango miwili, mgongo wa duara, rangi ya haradali, injini nyuma na buti mbele, na umri wake ulizidi nusu karne.

"Halina rejeta," Mpima alimwambia kila aliyesimama getini, na walisimama wengi. "Halina tone la maji. Feni inapuliza upepo juu ya chuma, basi. Magari ya siku hizi yanatembea tu. Hili linapumua."

Watu walilipenda kwa namna ya ajabu. Dereva wa lori la taka alizima lori lake katikati ya njia, akashuka, akalizunguka mara mbili akiwa amevua kofia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliweka mkono kwenye bodi akasahau kuuondoa. Hata Sista alikiri moyoni kwamba lilikuwa zuri, na kwamba ukilitazama sana unajisikia umeanza kuwa na kiu, na kiu yenyewe si mbaya.

Siku ya tano alimpima mumewe joto. Thelathini na tisa na nusu. Lakini hakutetemeka, hakulalamika kichwa, wala hakutoka jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu na nyororo kama karatasi iliyopigwa pasi. Msalani alikuwa haendi. Mtu asiyekunywa kwa siku tano angekuwa amelala chali, ulimi umenata. Huyu alikuwa anapiga mluzi.

Siku ya sita alirudi mchana kutoka kuliendesha, akajilaza kwenye kochi. Sista alikuwa akikunja nguo pembeni aliposikia kitu. Tik. Tik. Kimya kidogo. Tik. Aliujua mlio huo. Ni ule wa chuma kinachopoa baada ya safari, na kila siku ulitoka bandani. Aligeuka kuelekea dirishani. Mlio haukutoka huko. Akainama taratibu, akaweka sikio kwenye kifua cha mumewe, na chini ya mapigo ya moyo akausikia wazi wazi, tik, tik, ukipungua kadiri kifua kilivyopoa, na pumzi iliyotoka puani mwa Mpima ilinuka oili iliyoungua.

"Kesho tunakwenda hospitali," Sista alimwambia alipoamka.

"Sawa, mama watoto. Ila tutakwenda na gari langu."

Kesho yake saa saba mchana foleni iliwakamata chini ya kilima cha hospitali. Mbele basi, nyuma lori, pembeni ukuta. Gari lilipotulia, kifua cha Mpima nacho kikatulia. Sista alingoja kiinuke tena. Hakikuinuka.

"Upepo," Mpima alinong'ona. "Mama watoto, upepo."

Sista akateremsha kioo cha upande wake, akajinyoosha akateremsha na cha upande wa pili.

"Si huo," Mpima alisema. "Tukisimama nakufa."

Uso wake ulianza kuwa mwekundu kisha wa kijivu, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, na kutoka matundu ya chini ya dashibodi ikaanza kuingia hewa ya moto yenye harufu ya nywele zilizoungua, moto juu ya moto, mpaka plastiki ya mkoba wa Sista ikaanza kulainika magotini mwake, na yeye anamshika mumewe mkono anahesabu mapigo na mapigo hayahesabiki kwa sababu yanakwenda kwa kasi ileile ya injini inayonguruma nyuma yao, si ya moyo wa mtu, na ndipo Mpima alipokata usukani, akapanda ukingo wa katikati ya barabara, akageuza gari na kushuka kilima kwa kasi ambayo Sista hakuwahi kumwona nayo maisha yake yote. Kifua kikaanza kupanda na kushuka. Rangi ikarudi. Alikuwa anatabasamu.

"Unaona?" alisema kwa sauti ya chini. "Tukienda tunapona."

Hakusema ninapona. Alisema tunapona.

Nyumbani, Sista aliamua kufanya anachokijua. Mumewe alipolala alitundika dripu kwenye msumari wa pazia, akatafuta mshipa, akaupata. Matone matatu yalianguka, kisha yakasimama. Alidhani sindano imeziba. Alipoinama kuitazama aliona kiputo kimoja kikitoka mkononi mwa mumewe na kupanda ndani ya mrija, kikafuatwa na kingine, kisha vingi, vikikimbizana kwenda juu kama maji yanapoanza kuchemka sufuriani, na mfuko ukavimba, ukafuka ukungu kwa ndani, na alipougusa ulimchoma vidole. Mpima alikuwa amefungua macho anamtazama.

"Sitaki," alisema. Sauti ilikuwa kavu, haikuwa na mate ndani yake.

Sista alichomoa sindano. Haikutoka damu. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akatafuta kwenye karatasi za gari namba ya yule mjane.

"Ameshaacha maji?" mjane aliuliza hata kabla salamu hazijaisha.

"Siku ya saba leo."

"Wangu alikwenda siku ya kumi na mbili. Daktari aliandika moyo. Mimi ndiye niliyemwinua kitandani, dada yangu. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu."

"Ukajua, ukatuuzia?"

"Nilitaka litoke kwangu," mjane alisema. "Mumeo alikuja na uso wa mtoto, nikashindwa kumwambia. Unisamehe. Kuna fundi mmoja nilimwita, nikawa nimechelewa. Wewe usichelewe."

Fundi huyo alikuwa mtu mfupi wa makamo, vidole vimejaa makovu ya kuchomelea, na mchana kutwa alitengeneza rejeta kwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Watu walimwita Fundi Rejeta. Wakipatwa na mambo ya aina nyingine walimwita vilevile, ila kwa kunong'ona. Alikuja siku ya kumi. Hakuingia bandani. Alisimama getini na mfuko wake wa spana, akasikiliza.

"Ni mkubwa," alisema. "Na ni mzee."

"Anataka nini kwetu?"

"Sista, wewe fikiria. Kiumbe wa moto anatafuta nyumba isiyo na maji. Hapo ndani pana chuma, oili, moto na upepo. Na kila anayepita anamsifu. Angehamia wapi pazuri kuliko hapo?"

"Basi abaki humo. Mume wangu anamfanyia nini?"

Fundi alimtazama kwa huruma. "Chuma kimechoka. Anahama, kidogo kidogo." Akashusha sauti zaidi. "Kesho adhuhuri. Nitaliwasha mpaka liive, mumeo akiwa kwenye usukani, kisha nitatia maji mahali ambapo hayajawahi kuwekwa. Atasema, huyo. Atasema sana. Wewe usimjibu hata neno moja. Mimi ndiye nitakayejibu."

Kesho yake jua lilikuwa la utosi. Mpima hakubisha kuketi kwenye gari. Siku hizo hakuwa akitaka kuketi mahali pengine. Fundi alipanga ndoo saba ukutani, akafungua kifuniko cha injini, akaanza kusoma kwa sauti ya chini isiyopumzika, huku injini ikizidi kunguruma ingawa hakuna mguu uliokanyaga mafuta. Joto lilijaa banda zima. Sista alisimama karibu na mlango wa dereva, kidole kwenye mshipa wa mumewe.

Ndoo ya kwanza ilipomwagwa, gari halikulia. Aliyelia ni Mpima.

Mvuke ulipanda mpaka darini, na katika mvuke huo Sista hakuona tena kuta wala fundi, aliona tu uso wa mumewe uliogeuzwa kumwelekea, mdomo wazi, ndani mnang'aa wekundu kama tanuri linalochungulia, na sauti ile isiyo na mate ikaanza kusema bila midomo kusogea, ikasema anahama nyumba hadi nyumba tangu waliozika baba zenu hawajazaliwa, ikasema amependwa na wanaume kumi na mmoja na hakuna aliyelazimishwa, wote walikuja wenyewe mikono mbele, na fundi alikuwa akimjibu kwa kusoma, ndoo ya pili, ya tatu, ya nne, na kila ndoo mshipa chini ya kidole cha Sista ulizidi kuwa mwembamba, ukawa uzi, ukaanza kuruka mapigo.

"Fundi, anakwenda," Sista alisema.

"Nyamaza, Sista. Bado tatu."

Ndoo ya tano. Mshipa ulipotea, ukarudi. Sauti ikalainika, ikawa karibu sawa na ya Mpima, ikamgeukia yeye peke yake.

"Nitatoka," ilisema. "Nitatoka sasa hivi. Ila nitatoka na kilicho changu."

"Usijibu," fundi alisema ndani ya mvuke. "Mwache. Hujui anachokidai."

Ndoo ya sita. Mshipa ulipotea. Sista alihesabu, moja, mbili, tatu, nne, kama alivyohesabu juu ya vitanda vingi, na alijua vizuri ni kwenye namba gani huwa wanamfunika mtu shuka. Alihesabu mpaka nane.

"Chukua chako," alisema. "Chukua utoke."

Injini ilipasuka kwa mlio mmoja, mkavu, kama ubao. Upepo wa moto ulimpita usoni ukatoka kwa mlango wa banda, na mapazia ya nyumba ya jirani yakaruka madirishani. Kisha pakawa kimya, maji yakichuruzika sakafuni. Fundi alikuwa amekaa chini, ndoo ya saba mikononi, bado imejaa.

Mpima alikohoa. "Naomba maji," alisema.

Alikunywa jagi zima, akaomba jingine, na Sista alilia akimshikia.

Ndani ya wiki moja alikuwa mzima. Joto la kawaida, mapigo ya kawaida, jasho akitembea juani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kulikokota gari, watu wa mtaa wakatoka nje kuliaga, wengine wakitikisa vichwa. Mpima alikuwa kibarazani anasoma gazeti. Gari lilipita mbele yake kamba shingoni. Alifungua ukurasa mwingine.

Alikula alichopewa. Alijibu alichoulizwa. Akitumwa dukani, alirudi na kilichotakiwa, haraka, bila habari yoyote. Usiku alilala upande wake wa kitanda, mikono kifuani, na Sista akimgusa alisema, "Naam?" kama mtu aliyeitwa na karani.

Sista alimfuata Fundi Rejeta kibandani kwake. Fundi hakuacha kuchomelea.

"Ulimjibu," alisema.

"Alikuwa amekata roho, fundi."

"Najua. Nilikuwapo." Alizima moto, akavua miwani. "Wala sikulaumu. Mtu wako yuko hai."

"Na alichokichukua? Hakirudi?"

"Jini ningemtoa. Ndani ya mumeo sasa hamna kitu, Sista. Nitatoa nini?"

Mwisho wa mwezi watoto walikuja kumwona baba yao, wote watatu, na wajukuu. Nyumba ilijaa. Mpima alimsalimu kila mmoja kwa jina lake, akauliza habari za kazi, akawashika wajukuu mikono mmoja baada ya mwingine, wala hakukosea hata mmoja. Wote walisema mzee amepona vizuri, ametulia.

Binti mdogo alimfuata mama yake jikoni. Alisimama nyuma yake, Sista akimenya viazi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "baba yuko wapi?"

"Si yuko sebuleni. Umetoka kumsalimia sasa hivi."

"Yule nimemwona, mama," binti alisema. "Nakuuliza baba."

Sista hakugeuka. Alichukua kiazi kingine, akaendelea kumenya.