Aliyejibu Kabla ya Amina

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu, jua la saa nne, nepi zimeanikwa, mtoto anatafuna kijiko cha plastiki. Wifi yangu alikuwa amebakiza siku mbili likizo ya uzazi iishe, Jumatatu arudi kiwandani kushona mashati, na jambo moja lilikuwa bado linamnyima raha: mtoto wa miezi saba, abaki na nani?

Mumewe ni kinyozi. Ni kaka yangu wa tumbo moja, ndiyo maana namsema bila haya. Ni mtu asiyeamua kitu bila kuomba, na asiyeomba kitu kabla hajaamua. Mtaani wanamwita Bwana Ishara. Akitaka viatu, anavivaa kwanza, anatembea navyo, anavichafua, halafu ndipo anapiga magoti kumwuliza Mungu kama avichukue. Kwake Mungu ni karani, kazi yake kugonga muhuri.

Hata nyumba waliipata hivyohivyo. Vyumba viwili nyuma ya saluni, havijawahi kulaliwa na mtu, mwenye saluni alikuwa akitupia humo viti vilivyovunjika. Kinyozi alihamisha kitanda Alhamisi. Ijumaa akatandika mkeka katikati ya chumba, akamwita mkewe.

"Tuombe kwanza."

"Kitanda kimeshafika, unaomba nini?"

"Mwongozo."

Akapiga magoti, akapaza sauti mpaka wateja wakageuka vitini. "Ee Bwana, kama hapa ndipo petu, mtoto huyu acheke!"

Mtoto alikuwa begani kwa mama yake, ana homa, ametoka kulia. Akacheka. Hakumcheka baba wala mama. Alicheka akiitazama kona tupu, akifuata kitu kwa macho, taratibu, kutoka darini mpaka chini, usawa wa mkeka.

"Amina," akasema Kinyozi, akijipangusa magoti.

Basi ukawa ndio mchezo. Akauliza habari za wateja, za mikasi, za rangi ya pazia, yaani mpaka pazia! Na ishara anaitaja mwenyewe, kwa sauti, palepale mkekani, nayo inakuja. Bomba lidondoke mara tatu, linadondoka mara tatu. Mlango ulie, unalia. Siku zilivyokwenda zikawa zinakuja upesi zaidi, mwisho zikaanza kuja kabla hajamaliza kusema. Naye, zuzu yule, badala ya kuogopa akavimba kichwa. Akapita saluni kifua mbele, akiwaambia watu walionyolewa nusu kwamba yeye na Mungu siku hizi ni chanda na pete.

Sasa Jumamosi hiyo wifi akamwambia, "Mtoto nampeleka kwa mama."

"Mama yako na miguu ile? Atamkimbiza nani? Mtoto atalala humu, mlango nafunga, mimi niko hatua kumi na mbili. Nimeshapima."

"Umeshapima."

"Ila tuombe kwanza."

"Baba, wewe huombi. Wewe unatoa taarifa."

Akasonya, akapiga magoti. Mtoto alikuwa ameanza kulia, meno yanamsumbua, analia kwa nguvu zote. "Ee Bwana, kama abaki humu, basi anyamaz..."

Kilio kikakatika.

Mdomo wa mtoto ulikuwa bado wazi. Machozi yalikuwa bado yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka. Sauti tu haikuwepo, kama vile mtu amemziba kwa kiganja.

Wifi akamnyakua, akatoka mbio. Alipovuka kizingiti, sauti ikarudi.

"Umeona?" Kinyozi akamfuata anatabasamu. "Amekubali."

"Nani?"

"Nani nini?"

"Nani amekubali?"

Akamtazama mkewe kama anavyomtazama mteja asiyejua anataka kunyolewa vipi. Akarudi saluni.

Wifi akakaa uani mpaka mtoto akalala, akamfunga mgongoni kwa mbeleko. Hakujua afanye nini, huo ndio ukweli. Mama yake kweli miguu hana. Kazi akiiacha, hairudi. Na labda yeye ndiye mwenye wazimu, labda mtoto alipaliwa tu? Akaingia ndani kuchukua nepi. Humo ndani akapiga magoti kando ya kitanda. Mkeka hakuukanyaga.

Hakutaja ishara. Hakufungua mdomo hata kidogo. Alisema moyoni tu: Sijui. Nionyeshe, nitasubiri.

Akasubiri. Saluni mashine ilikuwa inanguruma, mtu anacheka. Akasubiri tena.

Nyuma yake mkeka ukalia. Polepole. Kama mtu anayeinuka aliyepiga magoti siku nyingi.

Hakugeuka.

Pumzi ikamgusa sikioni. Baridi.

"Sema kwa sauti."

Akafumba macho.

"Sikusikii," ikanong'ona, kwa upole, kama muuza duka. "Sema unachotaka."

Hapo ndipo akajibiwa. Hakusikia sauti nyingine yoyote. Alijua tu. Mungu aliyekuwa akimwomba hahitaji mdomo wa mtu ufunguke ndipo asikie.

Akainuka. Akachukua nepi. Akatembea. Mlangoni mbeleko ikavutwa kwa nyuma, mara moja, kidogo tu, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake dukani. Hakugeuka.

Kinyozi akatoka na mashine mkononi. "Unakwenda wapi? Hatujaomba!"

"Mimi nimeomba."

"Na ishara?"

"Ishara baki nazo."

Akabaki nazo siku nne. Siku ya tano, saa sita mchana, akatokea kwa mama mkwe wake, alikohamia wifi na mtoto, kwa miguu, bado amevaa aproni ya saluni, nywele za mteja mabegani. Alichouliza siku zile na alichojibiwa hajamwambia mtu mpaka leo. Siku hizi ukimwuliza chai au maji, anasema chai haraka, kabla hujafunga mdomo, kama mtu anayeogopa kuamuliwa. Msemaji wa Mungu!

Vyombo tulikwenda kuvichukua sisi ndugu, watano, jua kali. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwisho tukaukunja mkeka.

Upande aliokuwa akipiga magoti kaka yangu, sakafu ilikuwa sawa. Upande wa pili saruji ilikuwa imebonyea, mashimo mawili ya magoti, laini kama yamesuguliwa miaka, yanamwelekea yeye, karibu sana, hata paji la uso na paji la uso lazima yalikuwa yakigusana.

Pembeni yake palikuwa na mengine mawili. Madogo, kiasi cha magoti ya mtoto anayeanza kutambaa. Hayo yalikuwa mapya, na mtoto wetu hakuwa ameingia humo tangu Jumamosi ile. Unga wa saruji ulikuwa bado ukingoni.