Msumari Usio na Fimbo

Pale hifadhini, watu wa kujitolea walikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Anayeingia porini hupewa fimbo ya kutembelea. Akitoka, huirudisha kwenye msumari wake ukutani. Msumari mtupu maana yake kuna mtu bado yuko ndani, na geti halifungwi hata mvua inyeshe mawe.

Jioni ile msumari mmoja tu ulikuwa mtupu. Wa Chiriku.

Chiriku alikuwa mdogo wake Bi Kofia, fundi cherehani aliyejitolea kukaa kwenye kibanda cha fimbo, nje kidogo ya geti. Majina hayo ya utani waliyastahili: mkubwa alivaa kofia hata akiwa mezani nyumbani kwa mama yao, mdogo hakujua kunyamaza hata akiwa usingizini. Siku hiyo Chiriku alipangiwa kutembea nyuma ya wageni wa mwisho ili asiachwe mtu. Wageni walishatoka na basi lao likaondoka. Yeye bado. Jua lilikuwa linazama, na jua likishazama, njia ile ni ya chui.

"Huyu atakuwa anapiga soga na nyani," Bi Kofia alijisemea, lakini macho hayakutoka njiani.

Ndipo Chiriku akatokea kwenye kona. Akapita getini bila salamu, akatundika fimbo, akaketi kwenye benchi nyuma ya mlango. Uso aliugeuzia ukutani.

"Haya, leo ulimi umeuacha wapi?"



Kibanda kikajaa harufu... ya majani yaliyooza, kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, lakini sketi yake ilikuwa inachuruzika.

Tone... tone...

Bi Kofia alidhani mdogo wake ameteleza mtoni na ananuna kwa aibu. Akatoka, akafunga geti kwa komeo. Mnyororo na kufuli vilikuwa kazi ya askari, aliyekuwa akipita na pikipiki kila jioni. Aliporudi kibandani, redio ya mawasiliano ya ukutani ikakwaruza.

"Dada... upo? Usifunge! Nimeteguka mguu hapa darajani. Nimepiga kelele mpaka mamba wamehama. Njoo, dada. Naogopa."

Sauti ile angeitambua hata katikati ya soko.

Nyuma ya mlango, yule aliyeketi akanong'ona bila kugeuka.

"Usiende."

Nywele zilimsimama. Alivuta komeo akatimka mbio kuelekea darajani, mikono mitupu. Fimbo hakuikumbuka. Aliwaza mdogo wake tu.

Chiriku alikuwa ameketi kwenye ubao wa daraja, amekumbatia mguu, machozi yamemkauka mashavuni.

"Afadhali umerudi," alisema.

"Nimerudi? Kwani nilikuja?"

"Si ulikuja muda si mrefu? Ukachukua fimbo yangu, ukasema nisubiri. Mkono wako ulikuwa wa baridi, dada. Nikakuita, hukugeuka. Ndiyo nikapiga redio."

Bi Kofia alitupa jicho kuelekea getini. Wakongwe wa kujitolea walisema sheria ya fimbo ilitungwa baada ya mama mmoja kufungiwa ndani, mwaka wa mafuriko, na asionekane tena. Yeye alikuwa akiicheka hadithi hiyo.

"Panda mgongoni," alisema. "Usiangalie nyuma."

Walipofika kona ya mwisho, taa ya kibanda ilikuwa inawaka. Pikipiki ya askari ilikuwa inanguruma getini. Na dirishani alisimama mwanamke mwenye kofia.

"Wote wameshatoka?" askari aliuliza.

"Wote." Ilikuwa sauti ya Bi Kofia, na haikuwa imetoka kinywani mwake. "Angalia mwenyewe."

Askari akamulika ukutani. Kila msumari ulikuwa na fimbo yake. Akazungusha mnyororo, akabana kufuli.

Bi Kofia akapiga ukelele kwa pumzi yake yote.

Askari akainua kichwa. "Ni nini hicho?"

"Nyani," sauti ile ilicheka. "Jioni wana fujo."

Chiriku akabonyeza redio yake. "Geti! Geti! Tuko ndani!" Kibandani redio ikakwaruza. Mkono ukanyooshwa taratibu, ukaizima. Kisha taa nayo ikazimwa.

Yule mwanamke akatoka, akapanda nyuma ya askari, aliyezoea kumpa Bi Kofia lifti kila jioni. Pikipiki ikateremka, taa yake ikapotea kati ya miti. Mbele yao ulibaki ua mrefu wa nyaya za umeme, nyuma yao giza.

"Dada..." Chiriku alinong'ona. "Yule anapelekwa wapi?"

"Nyumbani," alisema Bi Kofia, na kilio kikamshinda. "Kwa mama."