Kamba Ndani ya Jeti

Injini ilikohoa mara mbili.

Ikazima.

Soipan hakulaani. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasikiliza. Mbele yake boti ya Rezek, mtu aliyekuwa anamwinda, ilizidi kwenda, povu jeupe likiruka nyuma yake. Halafu ikapotea nyuma ya miti.

Kimya.

Bwawa hili la Kisaju lilifurika tangu mvua ya Aprili. Lilikuwa limemeza shamba la nyanya, likameza ua wake, likameza migunga hadi shingoni. Korongo wanne walikaa juu ya mti mkavu bila kusogea, kama watu wanaongojea maiti.

Redio yake ya Motorola ikakwaruza.

"Soipan, uko wapi?" Alikuwa Nyakio, mkubwa wake katika idara ya usalama, kutoka ofisini Kitengela.

"Nimekwama. Kamba imeingia kwa jeti."

"Ng'ombe wako njiani. Elfu mbili. Watafika kwa birika la kunyweshea saa nne."

Soipan akaangalia Casio yake. Saa tatu na dakika kumi na saba.

"Waambie wachungaji wawarudishe."

"Tumewaambia. Lakini wewe ni mtoto wa boma. Unajua."

Alijua. Ng'ombe akishanusa maji, hata bunduki haimrudishi. Na kati ya hao elfu mbili, arobaini walikuwa wa mama yake. Hakuwa na mali nyingine.

Rezek aliletwa na watu wa ng'ambo waliotamani ardhi yote kutoka Kisaju hadi Isinya. Mpango wao ulikuwa mfupi. Mtungi wa sumu ulifichwa ng'ambo ya bwawa. Rezek auchukue, arudi nao, aumwage pale pampu inapovuta maji ya birika. Ng'ombe wafe. Wenyewe wauze ardhi kwa bei ya kilo ya sukari.

Pampu ilikuwa nyuma ya Soipan. Njia ya kuifikia ilikuwa moja tu, mkondo mwembamba katikati ya migunga.

Angerudi hapa hapa.

Boti za jeti hazina propela ya nje. Zinafyonza maji kupitia wavu ulio chini ya tumbo, zinayatema nyuma kwa nguvu. Ndiyo maana zinapita hata kwa maji ya magotini. Lakini mdomo unaofyonza hauchagui.

Soipan alifungua kifuniko kidogo cha nyuma, akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Akaipata. Kamba ya manila, nene kama kidole gumba, ambayo mkulima fulani alifungia pampu yake kabla ya mafuriko. Ilikuwa imezunguka shafti, chuma kinachozungushwa na injini, mara sita, imekaza kama kamba kwa shingo ya ndama mkaidi.

Hakuivuta. Ukivuta inakaza zaidi. Alizungusha shafti kwa mkono, kinyumenyume, robo mzunguko. Akailegeza kwa vidole. Robo nyingine. Kucha mbili zikavunjika. Akaendelea, pole pole, kama anayefumua nywele za mtoto aliyelala.

Redio ikakwaruza tena. Safari hii hakuwa Nyakio.

"Binti wa ng'ombe." Kiswahili cha Rezek, aliyekuwa ameingilia masafa yao, kilinyooka kama cha taarifa ya habari. "Naona umepumzika."

"Nakungojea."

"Mtungi ninao. Nikipita nitakupungia mkono."

Kamba ikatoka yote. Hatua hamsini, ikidondosha tope.

Saa tatu na dakika thelathini na nane.

Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni. Lakini risasi moja ikitoboa mtungi, sumu itamwagika yenyewe, na kazi ya Rezek itakuwa imekamilika. Kumkimbiza pia hakufai.

Soipan aliitazama kamba. Akatazama ufuko, ambako mama mmoja alikuwa akifunga madumu ya maji juu ya punda wanne.

Akasukuma boti yake vichakani, akaruka majini na ncha ya kamba.

"Takwenya, yeyo!" alimwamkia mama yule kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia mama huyo, Mama Eunice, akimwangalia juu mpaka chini. "Umelowa kama panya, mtoto wangu."

"Naomba punda wako."

"Wabebe nini?"

"Wavute mtu. Yuko na boti."

Mama Eunice alifikiria kidogo, akaanza kushusha madumu. "Huyu wa mbele ni mvivu. Ukipiga mwenzake, ndipo anakimbia."

Wakafunga ncha ile kwa matandiko ya punda. Iliyobaki Soipan akaitandaza mkondoni, ikaelea legelege kati ya majani makavu. Akasimama pembeni, maji kiunoni.

Korongo wakaruka wote kwa pamoja.

Rezek alikuja akiwa wima, mkono mmoja kwa usukani, mtungi wa chuma katikati ya miguu. Akamwona Soipan.

Akapunga mkono.

Boti ikapita juu ya kamba. Ikaimeza.

Injini ililia, ikatetemeka, ikafa. Na Rezek akafanya kosa la kila mwenye haraka. Akawasha tena, akaongeza mafuta yote. Shafti ikajifunga manila hadi ikashindwa kugeuka kabisa.

Ndipo akaelewa. Akapiga magoti, akashika kifuniko cha mtungi kwa mikono miwili, akaanza kukifungua.

"Sasa, yeyo!"

Mluzi. Fimbo. Punda wakatimua mbio. Kamba ikatoka majini imenyooka kama waya, na boti ikavutwa kinyumenyume. Rezek akaanguka chali. Mtungi ukabingirika hadi ukingoni.

Soipan akarukia ndani. Kiganja kimoja juu ya kifuniko. Glock kwa sikio la Rezek.

"Huo mkono uliopunga," alisema, "nyanyua na mwenzake."

Kifuniko kilikuwa kimebakiza nusu mzunguko. Akakikaza.

Wakamfunga Rezek kwa mgunga. Mama Eunice akamzunguka mara moja. "Huyu ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi serikali imchukue upesi. Ananitishia punda."

Kengele za ng'ombe zilikuwa karibu sasa. Vumbi likapanda juu ya kilima.

"Soipan!" Nyakio alikuwa anapiga kelele redioni. "Siwezi kuwazuia tena. Hayo maji ni salama? Una hakika?"

Soipan alitembea hadi kwa birika, akainama, akachota kwa kiganja. Akanywa. Akachota tena, akanywa. Akahesabu pumzi zake hadi mia.

"Wanywe," alisema.

Akazima redio, akachukua mtungi wa sumu, akaanza kupanda kuelekea barabara ya Namanga. Ng'ombe elfu mbili wakampita pande zote mbili, pembe zikigongana. Hakuwapisha.