Daftari Likishawekwa Haliguswi

Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza akifagia, alizungumza akila, na bibi yake aliapa kwamba hata usingizini hujibizana na mtu. Jumatatu hiyo shule zilikuwa zimefungwa, na mama yake hakupata ruhusa kule anakosafisha ofisi. Kwa hiyo Chiriku ndiye aliyempeleka bibi zahanati, mara yake ya kwanza, jua likiwa bado halijachomoza.

Bibi alikuwa na presha. Jumatatu iliyopita yeye na mama walirudi mikono mitupu, na siku ya Ijumaa vidonge vyake vikaisha kabisa. Sasa kichwa kilimzunguka, akawa anatembea huku akishika kuta za nyumba za watu.

"Taratibu, mke mwenzangu," alimtania mjukuu wake. "Unaniburuta kama mbuzi wa mnadani."

Zahanati ilikuwa na benchi refu, dirisha dogo na tofali moja. Hilo tofali ndilo lililosimamia foleni. Kila mgonjwa aliyefika aliweka daftari lake dirishani juu ya yale aliyoyakuta, akalirudisha tofali juu yake ili upepo usiyapeperushe, kisha akaenda kuketi.

"Yapo mangapi?" aliuliza bibi.

"Tisa. Letu la kumi."

"Liweke, uje ukae. Na usisahau, daftari likishawekwa haliguswi."

Chiriku aliweka, akakaa. Lakini hakutulia. Watu waliendelea kufika, na kila aliyefika aliweka daftari lake juu ya la bibi. Mshona viatu aliyekuwa amekaa karibu yao alikwisha kuanza kukoroma. Wa mwisho kufika alikuwa mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Mtoto yule hakulia, alikuwa akihema tu. Yakatimia madaftari ishirini na sita, na la bibi lilikuwa chini huko, halionekani.

"Bibi, wanatukalia kichwani," alinong'ona Chiriku.

"Tulia wewe. Foleni inajijua."

Mara gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Hakuwa na daftari, wala hakutazama benchi. Alifunguliwa mlango wa pembeni, zikasikika salamu na vicheko, na baada ya muda akatoka na mfuko wa dawa uliotuna. Gari likaondoka. Watu ishirini na sita waliangalia miguu yao.

"Ndivyo ilivyokuwa hata wiki iliyopita," alisema bibi kwa sauti ndogo. "Alipita huyohuyo."

Chiriku alitaka kupiga kelele, lakini ampigie nani? Bibi alikuwa amefumba macho, akijishika paji la uso. Basi Chiriku akainuka kama anayekwenda kuyapanga vizuri madaftari. Akalichomoa la bibi kutoka chini, akaliweka juu kabisa, akarudisha tofali. Hakuna aliyemwona. Alirudi kuketi, akijiambia kwamba sasa wao ndio wa kwanza.

Dirisha likafunguliwa. Nesi alitoa tofali, akayachukua madaftari yote kwa mikono miwili, akayapindua. La chini likawa la juu.

Chiriku alipigwa na butwaa. Aliyewahi huwa chini, na yakipinduliwa anakuwa wa kwanza! Kila mtu pale benchini alilijua hilo isipokuwa yeye.

"Leo tunaishia ishirini na tano," alisema nesi. "Dawa zimepungua." Akahesabu, likabaki moja mkononi. Akalisoma jina la bibi.

"Haiwezekani!" Mshona viatu alizinduka. "Bibi huyu nilimkuta hapa mimi! Nani kachezea foleni?"

Chiriku angeweza kunyamaza tu, lakini bibi alikuwa amejiegemeza ukutani, akitetemeka.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani la juu ndilo la kwanza."

Benchi zima likageuka. Yule mama kijana alielewa kabla ya wengine. Kama bibi angerudi nafasi yake ya kumi, wa kubaki nje angekuwa yeye. Hakubishana. Alianza kumfunga mtoto wake vizuri mgongoni ili aondoke.

"Kaa, mwanangu," alisema bibi. "Huyo mtoto hawezi kungoja. Kosa limetoka nyumbani kwangu, litarudi nyumbani kwangu."

Chiriku aliliendea dirisha. "Nesi, shikamoo. Bibi hajameza dawa tangu Ijumaa. Kosa si lake."

"Marahaba. Sasa mimi nifanyeje, mwanangu? Unadhani ufunguo wa kabati ninao mimi?" Nesi alionekana amechoka kuliko wagonjwa wake. Alimtazama bibi, akalitazama daftari, akashusha pumzi. "Mlete nimpime. Kwenye kopo vimebaki vidonge vya siku tatu. Alhamisi mje mapema."

Presha ya bibi ilikuwa juu sana. Alimeza kidonge palepale, akapumzishwa hadi adhuhuri, ndipo wakaanza kurudi nyumbani pole pole.

"Bibi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hebu niambie, ulipolipandisha daftari letu, ulimfikiria yule mtoto?"

"Hapana."

"Na bwana wa gari, unadhani alimfikiria?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Na yeye, bibi? Nani atamfundisha?"

Bibi alisimama, akashika ukuta. "Sijui, mjukuu wangu. Nimezeeka kwenye benchi lile na bado sijui. Ninachojua ni kwamba yeye hatukuweza kumzuia, ila wewe unaweza kujizuia. Wanyonge tukianza kuchomoleana madaftari, hata ile foleni tuliyo nayo hatutakuwa nayo."

Alhamisi walifika wa tatu. Chiriku aliliweka daftari, akarudisha tofali. Watu wakaja, wakaweka yao juu, na la bibi likafukiwa tena. Alipomwona mtoto mmoja akitaka kulichomoa la mama yake, alimwita akamweleza jinsi nesi anavyoyapindua.

Kisha likasikika gari likisimama mlangoni. Benchi zima liliangalia chini. Chiriku aliikalia mikono yake yote miwili, na hakuinuka.