Nukta Chini ya Neno "Moja"

Kila asubuhi Shamuni alifagia duka la baba yake katika soko la karatasi la Baghdadi, akachonga kalamu za mwanzi na kukoroga wino. Kisha aliketi kutia nukta. Baba yake, Bakhus, na mzee Zakai, mwandishi aliyeajiriwa hapo, walinakili vitabu vya Kiarabu mbiombio, herufi tupu bila nukta zinazozitofautisha, naye Shamuni, msichana wa miaka kumi na miwili, alizitia nukta juu na chini. Alipewa mashairi na barua tu. Vitabu vya falsafa alikatazwa kuvigusa. Hivyo vilitiwa nukta na Babu Zakai mwenyewe.

Siku moja Babu Zakai alipokwenda kula, Shamuni aliuvuta ukurasa wa kitabu kilichoagizwa na Mwalimu Tuma, mwanafalsafa. Akasoma: "Kila kilichopatikana ni kimoja."

"Upuuzi gani huu?" alisema peke yake. "Kitu kikipatikana, yupo aliyekipata. Babu kasahau nukta."

Hakujua kwamba wanafalsafa, wakitaka kusema kwa Kiarabu kwamba kitu kipo, husema kimepatikana. Na katika Kiarabu neno "moja" na neno "mpataji" huandikwa sawasawa, ila la pili lina nukta chini ya herufi ya tatu. Shamuni akaitia hiyo nukta. Alijiona amesaidia.

Baada ya siku nne Mwalimu Tuma aliingia dukani uso umemwiva, akakibwaga kitabu miguuni pa Bakhus.

"Mmeniaibisha mbele ya watu!"

"Kuna nini, Mwalimu?"

Jibu lilitoka mlangoni. Abu Ghalib, mwalimu wa sarufi aliyewachukia wanafalsafa, alikuwa amemfuata na wanafunzi wake.

"Katusomea barazani: 'Kila kilichopatikana ni mpataji.' Juzi punda wangu alipotea, nikampata. Kumbe punda ndiye aliyenipata mimi!"

"Punda alikuita kwa jina, Mwalimu?" mwanafunzi mmoja alidakia. Wakaangua kicheko.

"Ndiyo hekima ya Wayunani hiyo," Abu Ghalib alisema. "Kesho mtaambiwa tende imemla mtu."

Tuma hakugeuka. Aliweka kidole juu ya ukurasa. "Nani katia nukta hii?"

Bakhus alitazama. "Babu, huu ni mwandiko wako."

"Herufi ni zangu," Zakai alisema. "Nukta hiyo siikumbuki."

"Hukumbuki!" Tuma alipaza sauti. "Macho yamekwisha, sasa na akili. Bakhus, mzee huyu akibaki hapa, mimi na wenzangu hutatuona tena."

"Babu Zakai, kusanya vitu vyako," Bakhus alisema.

Zakai hakuwa na mke wala mtoto. Kwa miaka ishirini alikuwa akilala nyuma ya duka hilo. Alianza kukunja mkeka wake, ukamponyoka mara mbili. Shamuni alimtazama. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" baba yake alifoka.

"Nukta. Niliitia mimi, Babu alipokwenda kula. Nilidhani amekosea."

Bakhus aliinua mkono ampige, Tuma akamzuia. Abu Ghalib alipiga makofi. "Safi kabisa! Falsafa inasahihishwa na kitoto!"

Tuma alichukua kalamu mezani. "Hii ni nini, binti?"

"Kalamu."

Akaivunja vipande vitatu. "Na hivi?"

"Vijiti."

"Mwanzi umepungua?"

"Haukupungua."

"Kilichopotea ni nini, basi?"

Shamuni alifikiri. "Umbo lake. Kalamu yenyewe haipo tena."

"Ilikuwapo ilipokuwa kitu kimoja. Umoja wake umekwisha, nayo imekwisha. Ndivyo kitabu kilivyosema kabla hujakiharibu: kila kilichopo ni kimoja."

Wanafunzi wa Abu Ghalib walivitazama vile vipande vya kalamu. Yeye mwenyewe alinung'unika kwamba jambo lina maana, ila Kiarabu cha wanafalsafa ni kibovu, akaondoka bila kuomba radhi. Habari za punda hakuzirudia.

"Tandika mkeka wako, mzee," Tuma alisema. "Nilikukosea."

Kisha akamgeukia Shamuni, uso bado umekunjamana.

"Usidhani nakusifu. Ulisahihisha usichokielewa, na wa kumwuliza mnakaa naye chumba kimoja. Halafu ukanyamaza mzee wa watu akikunja mkeka. Muda wote huo ulikuwa vipande kama kalamu hii: moyo unajua, mdomo unajifanya haujui. Ulipokiri ndipo ulipokuwa mtu mmoja. Usipojua, uliza. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaumia kwa ajili yako. Sasa kaa chini, uikwangue hiyo nukta."