Breki za Impala

Siku ya soko Kitale, duka la vitambaa nyuma ya stendi lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Jelimo alikuwa ameshika ncha ya ngozi bandia nyekundu, kipande cha mwisho. Alipovuta, kitambaa hakikuja. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa kijana mrefu, ovaroli lake limejaa madoa ya grisi, lakini viatu amevipiga rangi vikang'aa kama vya bwana harusi.

"Dada, hii nishachukua," kijana alisema.

"Umechukua na bado iko dukani? Mimi nashona viti vya magari, bana. Hii ndiyo kazi yangu."

"Na mimi niko na gari inataka viti. Nimetoka Bungoma juu ya hii langi tu."

"Juu ya nini?"

"Langi. Nyekundu."

Jelimo alicheka mpaka akaiachia ncha yake. Siku hiyo alivaa gauni la njano na sweta jeupe, na kijana alimtazama akasahau kuhusu kitambaa. "Basi nunua wewe, nishone mimi," Jelimo alisema. "Lakini hiyo langi yako nataka kwanza kuona inaenda kwa gari gani."

Gari lenyewe lilikuwa Chevrolet Impala ya mwaka 1962. Marehemu baba yake Kizito, kwani kijana aliitwa Kizito, aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba na kurudi kwao. Mzee alipofariki, gari lilibaki nyuma ya jikoni, kuku wakataga mayai kwenye viti. Sasa Kizito alikuwa akilifufua hapo hapo nyumbani Bungoma, kidogo kidogo, kila alipopata nafasi. Alikuwa amelipaka buluu na paa jeupe, akaweka redio ya kisasa, na bampa akazisugua hadi unaweza kujitazama humo ukachana nywele.

Jelimo alianza kwenda huko Jumapili baada ya kanisa. Alipima viti, akashona, akapigilia. Dada yake Kizito, Pauline, aliwaletea chai chini ya mparachichi na kukohoa kwa nguvu kabla hajafika, kwa adabu.

"Mpenzi, hii gari ikiisha utanipeleka wapi?" Jelimo aliuliza siku moja, pini zikiwa mdomoni.

"Kwenu Endebess. Nikuombe kwa mzee, nikurudishe na honi."

"Ati na honi. Babangu ataachilia mbwa."

Walicheka. Hawakujua kuwa shida ilikuwa karibu, tena ilikuwa ndani ya chupa ya soda kwenye kikapu cha Jelimo.

Chupa hiyo ilikuwa na mafuta ya haidroli ya trekta. Mzee Kipkoech, baba yake Jelimo, alikuwa na dawa moja ya kila chuma shambani kwake. Mafuta hayo alitia kwenye trekta, bawaba za lango, cherehani ya mkewe na baiskeli. Jelimo alikulia humo, akajua mafuta ni mafuta. Alikuwa ameyaleta kulainisha milango ya Impala iliyokuwa ikilia. Kizito alipotoka kwenda kutafuta balbu, Jelimo akaona kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti kimepungua. Akakijaza, akafuta, akafurahi kuwa amesaidia.

Kizito akarudi na balbu, akaifunga boneti bila kutazama. "Hapa gusa kila kitu, dia," alisema. "Breki tu ndio uniachie. Mtu akinichezea breki, huyo anataka kunizika."

Jelimo alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Angesema tu, ingekuwa kicheko cha dakika moja. Lakini aliogopa kukunjiwa uso na mtu anayempenda, akajiambia kuwa mafuta ni mafuta.

Baadaye, akiwa Kitale kwa Nyaruai, mama wa duka la vipuri, alimuuliza kama utani.

"Mafuta ya trekta kwa breki?" Nyaruai aliacha kuhesabu boliti. "Hiyo inakula raba. Zinavimba, breki zinakwama, halafu siku moja unakanyaga na hakuna kitu. Nani amefanya hivyo?"

"Mtu fulani," Jelimo alisema. Alitoka nje akashika ukuta.

Simu ikalia jioni hiyo hiyo.

"Babe, imeisha," Kizito alisema, sauti imejaa raha. "Jumamosi nakuja na Impala mpaka Endebess. Mwambie mzee anitarajie."

"Usije."

"Nini?"

"Usije, Kizito. Si... si wakati mzuri."

"Ni mzee? Juu mimi ni Mbukusu?"

Tangu vurugu za mwaka uliopita kati ya makabila yao, swali hilo lilikuwa likitembea kati yao bila kusemwa. Jelimo alitaka kusema siyo, ni breki, ni mimi. Lakini akawaza kuwa akikaa kimya tu, Kizito hatakuja, na asipokuja hatakufa.

"Sawa," Kizito alisema, na simu ikakatika. Jelimo alipompigia tena, ilikuwa imezimwa. Ikazimwa wiki nzima.

Jumamosi asubuhi Jelimo alikuwa kwenye cherehani yake Kitale, akishona mshono mmoja na kuufumua, Pauline alipompigia.

"Shemeji, mmekosana nini na huyu? Ameondoka saa hii na ile gari. Amevaa suti ya baba. Anasema anaenda Endebess kumuuliza mzee wenu uso kwa uso."

"Amepita wapi?"

"Chwele, halafu Kimilili. Kwani?"

Jelimo alikata simu. Barabara hiyo aliijua, aliujua na mteremko wa Kamukuywa unaoshukia darajani. Alidaka pikipiki ya kwanza, akamwambia mwenye nayo akimbie, na njia nzima aliuona mguu wa Kizito ukikanyaga na kukuta hakuna kitu. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa lugha ya mama yake, akachanganya zote mbili.

Walipofika darajani, mzee mmoja alikuwa akivusha ng'ombe. Na huko juu ya mteremko, buluu na jeupe, Impala ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Toeni ng'ombe! Gari haina breki!" Jelimo alipiga kelele. Alishika mkia wa ng'ombe, akasukuma, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mzee alipiga mifugo fimbo, akina mama waliokuwa wakiuza ndizi wakakimbilia mahindini. Gari lilikuja likikua. Jelimo alitaka kufumba macho akashindwa.

Pua ya gari ikainama. Impala ikapunguza mwendo, taratibu, bila hata kulia, ikasimama hatua chache kutoka kwa ng'ombe wa mwisho.

Kizito akashuka na suti yake pana. "Jelimo? Unafanya nini hapa na kiatu kimoja?"

Jelimo alimfikia, akampiga kifuani kwa ngumi, kisha akashika koti lake na kulia. "Nilitia mafuta ya trekta kwa breki. Ni mimi. Niliogopa kukwambia. Nilisema usije ndio usikufe."

Kizito alimshika mabega. "Mimi nilijua," alisema. "Pedo ya breki ilikuwa haitaki kurudi. Nikafungua, nikasikia harufu ya mafuta ya kwenu. Nikabadilisha raba zote."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa utaona aibu uache kuja. Halafu ukasema usije, nikajua ni mzee. Nikazima simu. Niliogopa kusikia hivyo mara ya pili."

Walitazamana, watu wazima wawili waliokaribia kuachana kwa kunyamaza. Mzee wa ng'ombe aliwatukana kidogo, akaenda zake.

Kizito akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiduara cheusi cha raba. "Hii ni ya breki za zamani. Nilitaka kumwonyesha babako, nimuombe asikupatie mafuta tena." Akamshika mkono, akakivisha kwenye kidole cha pete. Kilikaa sawasawa. "Ingekuwa mpya haingeingia. Umeivimbisha mwenyewe mpaka ikakutosha. Pete ya kweli nitanunua. Sasa utaolewa na mimi ama tuendelee kuogopana?"

"Nitaolewa," Jelimo alisema. "Lakini bado mzee. Sijui atasema nini, Kizito. Kweli sijui."

"Hata mimi naogopa."

Jelimo akaokota kiatu chake, akakivaa, akaketi kwenye kiti chekundu alichokishona kwa mikono yake. Wakavuka daraja kuelekea Endebess, na kila palipokuwa na kona, Jelimo alikanyaga sakafu ya gari kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote.